Namna ya kusanifu gantri inayozunguka ya mashine ya CT: anza na mizani

Nyuma ya jalada jeupe la mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, kulizunguka tundu ambamo mgonjwa huingizwa akiwa amelala kitandani, kuna pete nzito ya chuma iliyobeba tyubu ya eksirei upande mmoja na safu ya vigunduzi upande wa pili. Pete hiyo, ambayo hapa nitaiita rota, ndiyo inayozunguka ndani ya gantri, yaani fremu kubwa yenye tundu hilo. Mwongozo huu unamlenga mhandisi au mwanafunzi wa uhandisi anayejua hesabu za mwendo wa mduara lakini hajawahi kuzitumia kwenye mashine ya hospitali. Ninalosisitiza ni kwamba mizani ya rota, yaani mgawanyo sawa wa uzito wake kuuzunguka mhimili, ipangwe kwenye mchoro, kabla unene wa chuma haujaamuliwa, kwa maana rota iliyopangwa ovyo haiponi kwa kubandikwa vyuma baadaye.

Kwanza tafuta ukubwa wa kani utakazopambana nazo. Mashine zenye kasi kubwa, zinazotumika kupiga picha za moyo unaodunda, humaliza mzunguko mmoja kwa takribani sekunde 0.25. Kasi ya pembe hapo ni kama radiani 25.1 kwa sekunde. Tyubu iliyo mita 0.6 kutoka kwenye mhimili hupata mchapuko wa takribani mita 379 kwa sekunde mraba, yaani zaidi ya mara 38 ya mvutano wa dunia. Ikiwa tyubu na ganda lake vina kilo 50, vifungo vinavyoishikilia huvutwa kwa kani ya karibu nyutoni 19,000, sawa na kuitundikia gari la karibu tani mbili. Rudia hesabu hiyo kwa mzunguko wa sekunde 1 nawe utapata mara 2.4 tu ya mvutano wa dunia, kwa sababu kani hufuata kipeo cha pili cha kasi: ukipunguza muda wa mzunguko kwa nusu, kani huwa mara nne. Ndiyo maana usanifu uliofaa kwa sekunde 0.5 hauwezi kusukumwa hadi 0.25 kwa kubadilisha mota peke yake.

Sasa panga mizigo. Kwa kila kifaa, zidisha uzito wake kwa umbali wa kitovu chake cha uzito kutoka kwenye mhimili, kisha ujumlishe mazao hayo kama vekta. Tyubu yetu ya kilo 50 kwenye mita 0.6 inatoa kilo-mita 30 kuelekea juu. Vigunduzi vya kilo 40 kwenye mita 0.5 vinatoa 20 kuelekea chini. Jenereta ya volti za juu ukiigawa mafungu mawili yaliyo sawa, moja kulia na jingine kushoto, mafungu hayo yanafutana. Zinabaki kilo-mita 10 upande wa tyubu. Wanafunzi wengi hapa hukimbilia kuongeza kipande cha chuma upande wa vigunduzi, na hesabu inakubali, lakini uzito huo mfu utaburuzwa na mota na kubebwa na beringi maisha yote ya mashine. Ni afadhali utafute vifaa viwili vinavyohitajika hata hivyo, kama vile visanduku vya umeme vya kilo 10.5 kila kimoja, na kuviweka kwenye mita 0.55, kimoja kulia na kingine kushoto, kila kimoja nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wa katikati ya vigunduzi. Hivyo viwili vinamaliza kazi. Kipoza joto cha tyubu kiache karibu na tyubu, kwani mabomba marefu ya mafuta yanayozungushwa kwa kasi hiyo ni mwaliko wa uvujaji.

Mizani hiyo haitoshi, na hapa ndipo michoro mingi hukosea. Fundi wa matairi hugonga vipande vya risasi kwenye ukingo wa ndani na wa nje wa rimu kwa sababu gurudumu linaweza kuwa sawa likitazamwa kwa mbele na bado likayumba kwa ubavu. Rota ni hivyo hivyo. Kitovu cha uzito cha tyubu kikiwa sentimita 4 mbele ya bapa la vigunduzi, kani ile ya nyutoni 19,000 huzaa momenti ya karibu nyutoni-mita 760 inayoutikisa mhimili mara nne kila sekunde. Kwa hiyo pima pia nafasi ya kila kifaa kwa mbele na nyuma, na uandae mahali pa kufungia vipande vya kusawazisha kwenye mabapa mawili, la mbele na la nyuma, yaliyo mbalimbali kadiri nafasi inavyoruhusu.

Baada ya mizani ndipo uje kwenye ukakamavu wa pete. Kigunduzi kimoja kina upana wa takribani milimita 1, hivyo tyubu ikisogea sehemu ndogo tu ya milimita, picha huingia ukungu na michirizi. Kusogea kunakojirudia sawasawa kila mzunguko kunaweza kusahihishwa na programu. Kusikojirudia hakuna dawa. Kumbuka kwamba ukiwa juu ya rota, mvutano wa dunia nao unazunguka: tyubu ikiwa chini, uzito wake huongezeka juu ya kani ya mzunguko, na ikiwa juu hupungua. Gantri inayoweza kuinamishwa huongeza mwelekeo mwingine wa mzigo. Hakikisha pia kwamba masafa asilia ya muundo mzima, yaani yale ambayo muundo hutetema kwayo wenyewe ukigongwa, yako mbali na hezi 4 za mzunguko na vizidishio vyake vya kwanza. Sahani ya anodi ndani ya tyubu, inayopigwa na elektroni ili kutoa eksirei, nayo inazunguka kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, na mhimili wake huwekwa sambamba na mhimili wa gantri ili momenti ya kijairo, yaani ile inayozuka mhimili wa kitu kinachozunguka kwa kasi unapogeuzwa, isizuke.

Beringi ni pana kuliko tundu lenyewe, ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha sentimita 70 au zaidi. Ile ya gololi hutosha kwa mashine nyingi, mradi upakiaji wake wa awali (kani inayozibana gololi tangu mwanzo) na grisi vichaguliwe kwa uangalifu, kwani kelele zake humfikia mgonjwa moja kwa moja. Beringi ya hewa ni tulivu zaidi lakini inadai hewa safi na nyuso zilizosawazishwa kwa ustadi mkubwa. Rota huzungushwa kwa mkanda au kwa mota iliyojengwa ndani ya pete. Mkanda hubadilishwa kwa urahisi. Mota ya ndani ya pete haina mkanda wa kuchakaa.

Umeme hupitishwa kwenye pete za shaba kwa brashi za kaboni. Kabla ya pete hizo kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980, nyaya zilijizungusha na rota ililazimika kusimama na kurudi nyuma. Brashi huacha unga mweusi laini unaopitisha umeme, kwa hiyo sanifu kizuizi na njia ya kuunyonya mapema.

Kila kifungo kikazwe kwa spana ya toki hadi kiwango kilichoandikwa, na kila kifaa kizito kiwe na kizuizi cha pili kitakachokishika bolti zikikatika. Kisha funga vitambuzi vya mtetemo mbele na nyuma ya fremu, zungusha rota polepole, rekodi ukubwa wa mtetemo na pembe yake, ongeza uzito wa majaribio unaojulikana, zungusha tena, na utumie tofauti hiyo kukokotoa vipande vya kufunga. Rudia kwa kasi inayopanda hatua kwa hatua. Tyubu ikibadilishwa hospitalini, ile mpya huenda ikatofautiana na ya zamani kwa gramu 100, na gramu hizo kwenye mita 0.6 ni karibu nyutoni 38 zinazozunguka. Kwa hiyo weka mashimo ya vipande vya kusawazisha mahali ambapo fundi atayafikia kwa mkono mmoja bila kung'oa kifaa kingine, na uchonge namba ya pembe pembeni ya kila shimo.