Ndugu akilemewa na deni la kadi

Ndugu yako akikwama na deni la kadi ya mkopo, usikimbilie kumpa hela. Kaeni kwanza mfungue zile barua na meseji za benki alizokuwa anazikwepa (usimhoji alinunua nini, aibu anayo tayari), mwandike kila kadi inadai kiasi gani na kwa riba ipi. Akilipa kile kiwango cha chini tu kila mwezi, sehemu kubwa humezwa na riba, deni halisogei. Apige simu benki mwenyewe, wewe ukiwa pembeni, aombe apunguziwe riba au apangiwe awamu. Wakikubali, wampe kwa maandishi. Hela yoyote ya ziada anayoweza kulipa iende kwenye kadi yenye riba kubwa zaidi. Kumdhamini mkopo mpya? Hapana. Akishindwa, watakugeukia wewe.