Gari Haliwaki: Pima Kwanza, Betri Utanunua Baadaye

Gari likigoma kuwaka asubuhi, kila anayepita atakwambia "betri hiyo". Kwamba tatizo liko upande wa umeme, mara nyingi ni kweli. Lakini kwa Unguja na Pemba, kinachotangulia kufa si lazima betri yenyewe. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na gari linalolala Paje, Nungwi au Mkoani karibu na bahari huliwa taratibu kwenye viungio: terminali za betri (vibano vya waya vinavyoishika), waya wa bodi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari), kichwa cha waya wa stata (mota inayozungusha injini ili iwake). Ukinunua betri mpya gari litawaka, mara nyingi kwa sababu tu aliyeifunga alikwaruza terminali kidogo. Baada ya muda ugonjwa unarudi ule ule, na pesa imeshakwenda. Kwa aliye Makangale na duka la spea liko Chake Chake, kubahatisha kunauma zaidi.

Mwongozo huu ni wa magari ya petroli yanayotumia kompyuta ya injini, yaani IST, Vitz, Raum, Noah, RAV4, Escudo na ya aina hiyo. Dizeli ina mambo yake.

Tayarisha mita ya umeme ya dijitali (ya bei ya chini inatosha), spana namba 10, 12 na 14, msasa, brashi ya waya, boksi la kufungulia plagi (IST na ndugu zake hutumia namba 16), na mtu wa kukupigia stata wewe ukiwa kwenye boneti. Vuta breki ya mkono, gia iwe P, au huru kama ni ya mkono.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla hujafungua kitu

Geuza ufunguo mara moja tu, usikilize huku ukiangalia taa za dashibodi.

Kama ni kimya na taa hazipo, umeme haufiki kabisa: betri imekwisha, terminali imelegea au fyuzi kuu imekatika.

Kama linalia "tatatata" na taa zinapepesa, umeme upo lakini hautoshi. Solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku, inavuta, mota inadai umeme mwingi, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Mlio huu ni wa betri dhaifu au kiungio kibovu, na kwa sikio huwezi kuvitofautisha.

Kama linalia "ta" moja nzito na taa hazififii, shuku stata yenyewe. Taa zikizimika kabisa kwenye huo mlio mmoja, rudi kwenye viungio.

Kama stata inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila injini haishiki, achana na betri, nenda hatua ya 5. Kuna watu wamebadilisha pampu ya mafuta kwenye gari linalolia "tatata". Pampu haihusiki hata kidogo na mlio huo.

Hatua ya 2: Pima betri, imepumzika na ikifanya kazi

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kama gari lilitembea au betri ilichajiwa karibuni, washa taa kubwa dakika moja kisha uzime, la sivyo utasoma chaji ya juujuu inayodanganya. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 bado ni nzuri. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki robo hivi, na chini ya 11.8 ihesabu imekwisha.

Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Mwambie mwenzako apige stata huku mita ikiwa kwenye vichwa vyenyewe vya betri. Betri nzima hubaki juu ya 9.6. Ikiwa ilisoma 12.5 halafu ikaporomoka hadi 7, ndani yake kuna seli iliyokufa, na kuichaji hakutaisaidia. Lakini ikiwa stata inalia tu na betri bado inasoma 12.3, betri haina kosa: umeme hauondoki pale ilipo. Kuna kitu njiani kinauzuia.

Betri ya vifuniko, fungua uangalie maji yafunike sahani zake kama milimita 10 hivi. Ongeza maji ya betri ya dukani. Maji ya kisima ya kwetu yana chokaa na chumvi, yanaiua betri polepole.

Hatua ya 3: Tafuta volti zinazopotelea njiani

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayokamata matatizo mengi ya huku. Kanuni ni fupi: kiungio kizuri hakipotezi volti, kibovu kinazila. Ila upotevu huonekana umeme unapopita tu, kwa hiyo vipimo vyote hapa vinasomwa wakati stata inapigwa. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kurusha petroli) ili gari lisiwake katikati ya kupima, uirudishe ukimaliza.

Gusisha ncha nyekundu ya mita kwenye kichwa cha chanya, yaani ile nguzo ya risasi inayochomoza kwenye betri, na ncha nyeusi kwenye terminali inayoishika. Vitu viwili vinavyogusana, kwa hiyo unatarajia karibu na sufuri. Stata ikipigwa mita ikasoma zaidi ya 0.2, kuna uchafu kati yao hata kama kwa macho panang'aa. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi.

Kisha kichwa cha hasi hadi kwenye chuma kitupu cha injini: isizidi 0.3. Kichwa cha hasi hadi kwenye bodi, vivyo hivyo. Mwisho, kichwa cha chanya hadi kwenye boliti kubwa ya stata: isizidi 0.5. Ukikuta volti 2 au 3 mahali popote kati ya hapo, umeshampata mwizi.

Kusafisha kuna utaratibu. Hasi inafunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi ingali imefungwa, utaona cheche ambazo hutazisahau. Mwagia maji ya moto ule unga mweupe au wa kijani, kausha, kisha piga msasa kichwa cha betri na ndani ya terminali mpaka risasi ing'ae. Funga mpaka terminali isizunguke kwa mkono. Grisi inapakwa baada ya kufunga, kwa nje. Soda ya chupa wanayomwagia watu inayeyusha uchafu kweli, lakini inaacha sukari, na terminali inabaki kunata vumbi.

Waya wa bodi usiutazame kwa juu tu. Ukunje kwa vidole karibu na kichwa chake. Ukihisi unasagika ndani kama mchanga, shaba imeshaliwa chini ya mpira ingawa nje ni mweusi safi. Kata mpaka uone shaba nyekundu, ufunge kichwa kipya, au uubadilishe kwa waya wa betri wa milimita 25 za mraba. Waya wa nyumba hautafaa. Na kumbuka ni waya zaidi ya mmoja: kuna unaotoka betri, na mara nyingi kuna mwingine kati ya bodi na injini, ambao kwa kuwa umejificha chini hakuna anayeukumbuka.

Hatua ya 4: Viungio safi, stata bado imenuna

Gari la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N. Likiwaka, swichi ya gia imechoka au inahitaji kurekebishwa. Kagua fyuzi za ST na AM2 kwa Toyota. Rilei ya stata (swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi) ibadilishe kwa muda na nyingine yenye namba ile ile.

Halafu pima ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi huku ufunguo ukishikwa kwenye kuwasha. Hakuna volti? Tatizo liko kwenye swichi, rilei au gia. Zipo zaidi ya 10 na boliti kubwa nayo ina umeme? Stata ndiyo mbovu. Kuigonga taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akipiga stata kunaweza kukufikisha gereji, kwa sababu brashi zilizokwisha zinasogea kidogo. Kabla ya kununua stata nzima, mwambie fundi aifungue: kwenye nyingi za kampuni ya Denso zile kontakti za shaba ndani ya solenoidi hubadilishwa peke yake, na brashi pia.

Hatua ya 5: Stata inazunguka, injini haishiki

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika moja, la sivyo utaiunguza na kuongeza tatizo la pili.

Sikiliza mzunguko. Ukiwa mwepesi kuliko kawaida, unaserereka bila ule mdundo wa kubana, acha papo hapo. Huenda mkanda au mnyororo wa tayming umekatika au umeruka. Tazama pia taa ya ufunguo kwenye dashibodi: ikiendelea kupepesa, kompyuta haijautambua ufunguo, jaribu wa akiba.

Mdundo ukiwa wa kawaida, fungua plagi moja. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini cheche haipo, au injini imezama mafuta. Iliyozama, kanyaga mafuta mpaka chini kabisa upige stata sekunde chache. Kompyuta ikiona hivyo hukata petroli na silinda zinakauka.

Plagi kavu: kagua fyuzi ya EFI na rilei yake, kisha weka sikio kwenye tangi. Toyota nyingi za zamani hazizungushi pampu ufunguo ukiwa "on" tu, zinasubiri stata ipigwe. Kwa hiyo mwenzako apige stata ndipo uhukumu. Pampu ikinguruma na bado plagi ni kavu, shuku filta au presha ndogo.

Cheche: chomoa kwanza soketi za waya za nozeli ili petroli isirushwe nje (fyuzi ya EFI iache mahali pake, ukiitoa kompyuta nayo hukosa umeme na cheche haitatokea), vika plagi kwenye koili yake, laza chuma chake kwenye injini bila kuishika kwa mkono. Cheche ikikosekana kwenye koili moja, gari lingewaka likitetemeka. Ikikosekana zote, na pampu nayo ni kimya, shuku sensa ya krank (inayosoma mzunguko wa injini), kwa sababu bila hiyo kompyuta haijui kama injini inazunguka. Kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta mara nyingi kitaonyesha P0335.

Wakati wa masika kuna jambo moja zaidi. Gari likizimika ndani ya maji, kama yale yanayotuama Mwanakwerekwe mvua ikizidi, usipige stata hata mara moja. Fungua boksi la filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, toa plagi zote, kaa pembeni, ndipo upige stata maji yaruke nje. Maji hayabaniki, ukilazimisha plagi zikiwemo, koni rodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, imwage kabla ya kuwasha.

Hatua ya 6: Kama ilikuwa betri kweli

Kubusti, yaani kuazima umeme wa betri ya gari lingine kwa waya: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto kwa cheche. Kutoa ni kinyumenyume.

Likiwaka, pima betri injini ikinguruma. 13.8 hadi 14.5, altaneta (jenereta ya gari) inachaji. Ikibaki 12 na ushei, betri mpya nayo itakufa vile vile.

Altaneta nzima lakini betri inakwisha usiku? Kuna kinachonyonya. Funga milango, chomoa ufunguo, ngoja nusu saa, fungua hasi na upitishe mita katikati ya waya na kichwa cha betri, ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Isizidi miliampea 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Anza na redio na alamu zilizofungwa baada ya gari kufika, hizo ndizo za kushuku mwanzo. Usipige stata mita ikiwa hapo katikati, utaiunguza mita.