Kinanda na gita kwa mwanafunzi mmoja mmoja: ninavyofundisha nyumbani, Mwanga, Kigoma

Nafundisha kinanda, gita na sauti sebuleni kwangu, Mwanga, hapa Kigoma. Mwanafunzi anakuja peke yake, anakaa dakika 45, anaondoka. Wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza nafuata kitabu gani. Vitabu ninavyo, ila sijawahi kumpitisha mtu kwenye kitabu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukisimama mbele ya kwaya ya watu 30, wao ndio wanakufuata. Ukiwa na mtu mmoja, wewe ndiye unayemfuata.

Kwa hiyo somo la kwanza usifundishe kitu. Sikiliza. Mwambie akuimbie wimbo wowote anaoupenda, bila ala. Wewe tafuta ufunguo wake, yaani noti anayoifanya do, kwenye kinanda kimyakimya, uone sauti yake inakaa wapi na kama akifika juu anahama ufunguo. Kisha piga makofi kifungu kifupi, akurudishie. Halafu muulize siku yake ikoje: anaamka saa ngapi, anafanya kazi gani, nyumbani kuna ala au hakuna. Swali hilo la siku yake mimi nilikuwa naliruka, na lilinigharimu.

Nina kijana wa Kibirizi anayevua dagaa. Nilimpangia Jumanne saa kumi jioni, sawa na wengine. Akawa anakuja macho mekundu, mara haji kabisa, nikamhesabu mvivu. Siku nilipomuuliza vizuri ndipo nilipoelewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta kukiwa na giza. Mwezi ukipevuka, maji yote yanang'aa, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika. Tukaiacha kalenda ya ukutani, tukafuata mwezi. Siku za mbalamwezi anakuja mara tatu kwa wiki. Siku za giza haji, ila anaondoka na zoezi moja tu, la dakika 10, la kufanya akiamka mchana. Kwa mwezi mzima anapata masomo sita, na anakuja akiwa mzima.

Vidole vyake vina sugu za kamba, hivyo maumivu ya nyuzi yanayowakimbiza wanaoanza gita yeye hayajui. Shida yake ilikuwa nguvu. Alikuwa akiminya uzi mpaka noti inapanda na gita lote linasikika kama halijatyuniwa. Mtu wa namna hii mpe zoezi hili: aweke kidole juu ya uzi bila kuminya, apige. Uzi utakufa. Aongeze kidogo, apige tena. Utakwaruza. Aongeze kidogo tena mpaka mlio utoke safi, na hapo asimame, asiongeze hata chembe. Kidole kikae nyuma tu ya kichuma cha shingo ya gita, kikikaribia kugusana nacho, kisikae katikati ya nafasi. Arudie kwenye nyuzi zote sita. Siku ya tatu akaniambia, "Mwalimu, kumbe ni kama kushika mshipi ukimsubiri samaki aguse." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo, lakini siyatumii kwa binti wa darasa la nne ambaye hajawahi kushika mshipi.

Binti huyo anajifunza kinanda na nyumbani kwao hakuna kinanda. Tulikitengeneza kwa boksi. Na wewe tengeneza, ila vipimo viwe vya kweli, la sivyo mkono utajifunza uongo. Kibonyezo cheupe kina upana wa karibu sentimita 2.35 na urefu wa 15. Cheusi kina upana wa sentimita moja hivi na urefu wa 9.5. Vyeupe 7, yaani do hadi ti (oktavu moja), vinachukua sentimita 16.5. Chora oktavu mbili kwa rula, vyeusi vipake kwa kalamu ya wino mzito, kisha bandika vipande vya boksi juu ya vyeusi ili vinyanyuke na kidole kivione bila macho. Boksi halina mlio, kwa hiyo kila noti anayobonyeza lazima aiimbe. Nilidhani hilo ni pengo. Baada ya miezi miwili sikio lake lilikuwa mbele ya watoto wenye kinanda nyumbani.

Mpime mkono pia. Mwambie atanue kiganja juu ya rula, kidole gumba hadi cha mwisho. Wake ulifika sentimita 13, hivyo do hadi do ya juu hawezi, na kumlazimisha ni kukakamaza kiwiko na bega. Mkono wa kushoto nampa do na so tu. Kila likizo tunapima upya, tunaandika.

Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote ni mama mwalimu mstaafu, mwimbaji wa alto tangu ujana. Yeye ananiita mwalimu, mimi namwita Mama, na shikamoo inatangulia somo. Nota za solfa anazisoma kama gazeti: d r m f s l t, nukta mbili za kutenga mapigo, kistari cha kuvuta noti, alama ndogo ya kuonyesha oktavu ya juu au ya chini. Ni utaratibu uliosambazwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, akiendeleza kazi ya Sarah Glover. Mama alitaka kusoma nota za mistari mitano, zile za vidoa vinavyokaa kwenye mistari na kwenye uwazi kati yake. Usimwanzishe mtu kama huyu kwenye ukurasa wa watoto, ni kumdharau. Nilichukua tenzi ambayo alto yake anaijua kwa moyo, nikaichora kubwa kwenye manila kwa ajili ya macho yake, solfa juu, mistari mitano chini. Akafuata kwa kidole: herufi ikipanda, noti inapanda. Vizuri mpaka tulipobadili ufunguo. Kwenye solfa do huhama na wimbo. Kwenye mistari, kila mstari una noti yake na haihami. Hapo akakwama wiki mbili.

Kilichomkwamua ni ukanda wa karatasi. Kata ukanda mwembamba, andika kuanzia chini kwenda juu d r m f s l t d, nafasi kati ya herufi ilingane na hatua ya mistari yako: herufi moja kwenye mstari, inayofuata kwenye uwazi. Uteleze pembeni ya mistari. Ufunguo wa F, weka d kwenye F. Ufunguo wa G, sogeza juu hatua moja. Noti zote zinajipa majina yake ya solfa. Leo ukanda ule anautumia kama alama ya kurasa za kitabu cha nyimbo, hauhitaji tena.

Kijana wa Ujiji alikuja na mikono ya kaswida. Kuhesabu moja, mbili, tatu, nne kulimchosha, nikamwambia alete dufu lake. Pigo zito la katikati tukalipa mkono wa kushoto, lile kali la ukingoni tukalipa wa kulia. Somo moja likatosha.

Yupo mmoja niliyempoteza, na bado inaniuma. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisani kwa sikio, ana mkono mwepesi. Nikamketisha miezi mitatu kwenye skeli, yaani noti za ufunguo mmoja kwa kupanda na kushuka, na kusoma nota, akaacha kuja. Nilipaswa kuona kitu kimoja: nyimbo zote alizipiga kwenye C, kisha anabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo. Ukimpata wa aina hiyo, mwache apige wimbo anaotamba nao, msifu kwa haki, halafu zima kitufe na umwombe wimbo uleule kwenye F. Atatafuta, atakosea, na yeye mwenyewe ataitaka skeli ya F. Ndipo umpe.

Mengine ni ya mazingira yetu. Mvua ikianza kupiga bati huwezi kusikia gita, basi siku hiyo ni ya kusoma nota na kupiga makofi, jiandae nayo. Umeme ukikatika, vinanda vingi vidogo vinakubali betri. Ziweke za akiba. Nyuzi za gita agiza seti mbili kwa pamoja.

Kila mwanafunzi awe na daftari lake, likae kwako. Akitoka tu, kabla hujamfungulia mwingine, andika amefanya nini, amekwama wapi, na ameuliza nini. Hilo la mwisho ndilo ninaloanza nalo somo linalofuata. Andika na malipo humohumo, kwa utaratibu wa mtu mwenyewe. Kijana wa Kibirizi pesa anaipata siku za giza na somo analipata siku za mbalamwezi, kwa hiyo yeye hulipa kabla, wengine baada.