Kuchagua prosesa na ubao mama wa kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo

Wengi wanaoniletea kazi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, wamenunua prosesa leo, bodi (ubao mama) wakaitafuta wiki ijayo. Vitu hivi viwili hununuliwa pamoja, kama kufuli na ufunguo wake.

Hatua ya 1. Tenga kwanza pesa za kadi ya picha. Kwenye gemu nyingi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kinachobaki ndicho cha prosesa na bodi.

Hatua ya 2. Chagua prosesa. Kwa mfuko mdogo mimi huanzia kwa mbili, zote za mwaka 2022: Ryzen 5 5600 ya AMD, yenye viini 6 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), na Core i3-12100F ya Intel, yenye viini 4 na nyuzi 8. Pesa zikitosha, chukua ya viini 6, maana gemu nyingi za sasa zinanufaika navyo.

Halafu soma herufi ya mwisho. F kwa Intel maana yake prosesa haitoi picha yenyewe, na 5600 isiyo na herufi ni hivyo hivyo. Kijana mmoja wa Likoni alivuka feri na kompyuta yake akiwa ameikumbatia, skrini nyeusi, akiamini bodi imekufa. Haikuwa na ubovu wowote. Hakuwa na kadi tu. Kama kadi utanunua baadaye, 5600G, inayotoa picha yenyewe, itakusogeza, ila ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 badala ya 32 za 5600, na kwenye gemu tofauti hiyo inaonekana.

Hatua ya 3. Linganisha soketi, yaani tundu la bodi linalopokea prosesa. 5600 inakaa kwenye AM4, kwa hiyo tafuta bodi ya B450 au B550. 12100F inataka LGA1700: H610 au B660. Hizi za Intel ziko za ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya DDR4 na za DDR5, na ramu ya moja haiingii kwenye nyingine.

B450 ilitoka kabla ya 5600. Ikiwa BIOS yake (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) ni ya zamani, prosesa haitawaka. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na prosesa hiyo hiyo, au uchague bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi pekee.

Hatua ya 4. Kagua bodi kwa macho. Hapa usiharakishe, hasa ukinunua ya mtumba. Pwani tuna joto, unyevu na hewa ya chumvi. Washa tochi ya simu, uangalie matundu ya USB na kandokando ya skrubu: ukiona ukungu wa kijani au mweupe, irudishe. Kando ya soketi kuna sehemu inayolisha prosesa umeme. Napenda iwe imefunikwa kwa vipande vya alumini, kwa sababu chumba kisicho na feni mwezi wa Februari hakiipi nafasi ya kupoa. LGA1700 pini ziko ndani ya bodi, kwa hiyo inamisha mwanga, safu zote zing'ae sawasawa. AM4 pini ziko chini ya prosesa.

Ukiitoa feni ya AM4 (pamoja na chuma chake cha kupoza) iliyokaa muda mrefu, iwashe kwanza kompyuta dakika kumi ili pasta ya kupitisha joto kati yake na prosesa ilainike, uizime na kuchomoa waya, kisha uizungushe feni na chuma chake polepole kabla ya kuivuta. Niliwahi kuivuta ikiwa baridi, prosesa ikatoka nayo na pini tatu zikapinda. Nilizinyoosha kwa sindano, jasho likinitoka, saa nzima.

Hatua ya 5. Nunua ramu vijiti viwili vya GB 8, vinavyofanya kazi sambamba, badala ya kimoja cha 16, hasa ukiwa na 5600G, maana picha zake zinakula ramu hiyo hiyo.

Hatua ya 6. Weka bodi juu ya boksi lake. Pembetatu ya dhahabu kwenye pembe ya prosesa ielekee alama ya soketi, iachie ishuke kwa uzito wake bila kuikandamiza, ndipo ufunge wenzo. Funga feni, ramu na kadi, uiwashe. BIOS ikishasoma jina la prosesa na GB 16 kamili, ifunge kwenye kasha.