Somo: Kumuandika Mkame Ndume awe mtu, si zimwi

Asalaam alaykum wenzangu. Wengi mumeniuliza vipi utaandika hadithi ya mtawala wa zamani aliekuwa mkali bila ya kumfanya zimwi wala kumsafisha, basi leo namchukua wetu wa Pujini, kisiwani Pemba, Mkame Ndume, wa karne ya 15.

Hatua ya kwanza, nenda kwenye magofu ya ngome yake kabla hujashika kalamu. Pujini si mbali na Chake Chake, na ukifika usianze na ngome, anza na kisima. Kina ukuta katikati, wazee wanasimulia alikuwa na wake wawili hawapatani hata kwa dawa, mmoja maji yake yanafatwa kwa ngazi mwengine kwa ndoo na kamba, sasa ebu fikiri, mtu alowalazimisha watu wabebe mawe huku wanasota kwa matako, nyumbani kwake kashindwa kupatanisha wanawake wawili mpaka kaita waashi! Mie hapo ndo nilimuona mtu. Kabla ya hapo nilikuwa na kurasa 12 za makelele na bakora tu, nikazichana zote.

Ya pili, usifute ubaya wake. Jina lenyewe linatokana na kukama, kama unavokama ng'ombe, ila hapa wanaokamwa ni wanaume. Ile ya kusota iweke, na uiweke karibu: mchanga unaingia kwenye kidonda, jiwe linakwaruza kifua, mtu anahesabu minazi iliobaki mpaka afike ukutani. Alafu mpandishe Mkame Ndume juu ya ukuta anaangalia bahari. Anaogopa nini? Ngome ile haikujengwa na mtu asie na khofu, na jibu usilitoe mapema.

Ya tatu fupi: karafuu usitie, zimeshika Pemba karne ya 19. Muhogo na mahindi pia, hivo vimetoka Amerika baadae. Tia mtama, mchele, nazi, samaki.

MASWALI

Maalim, bibi yangu akilisikia jina hilo tu anasema audhubillahi. Nikimuonesha Mkame Ndume analia si ntakuwa namtetea dhalimu?

Hapana dada, kulia kwake hakumpunguzii aliebeba jiwe hata kidogo. Waweke wote wawili ukurasa mmoja, anaelia na anaesota, utaona mwenyewe msomaji hamsamehei kirahisi.

Maalim, wahusika wazungumze Kipemba?

Kwenye maneno yao ndio, japo kidogo. Ukiwaandikia Kiswahili cha taarifa ya habari wanakufa pale pale.

Na nani asimulie? Mie nimekwama hapo wiki ya pili.

Mpe mtumishi wa mke mmoja, kijana wa kike, kaka yake yumo kwenye wabeba mawe. Anashuka ngazi usiku kuteka maji, upande wa pili wa ukuta anasikia kamba inasugua jiwe, anajua kuna mwenzake pale na wote wawili wamekatazwa kusemezana. Anzia hapo.