Mzee yuko kwenye mionzi ya tezi dume: ale nini, aache nini

Wanaonifuata kuuliza habari za lishe aghalabu si wagonjwa, ni watoto wao, na mkononi wana mfuko wa rambo: habbat soda, unga wa mlonge, kopo la vitamini alilotuma shangazi. Tuanze na huo mfuko.

Hatua ya 1: Mwaga vyote mezani
Andika kila anachomeza, hata mizizi ya kuchemsha, daktari wa mionzi aione orodha kabla ya siku ya kwanza. Vitamini A, C na E za dozi kubwa zisimame hadi mionzi iishe. Mionzi huua saratani kwa kuzalisha chembe kali ndani ya seli, na vidonge hivyo kazi yao ni kuzizima chembe za aina hiyo. Embe na mchicha ale tu. Shida iko kwenye kopo. Vitamini E ina kesi nyingine: katika utafiti wa SELECT wa wanaume zaidi ya 35,000 wasio na saratani, matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa waliomeza uniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Hatua ya 2: Maji kwa wakati wake
Kibofu kikijaa husogeza utumbo usipigwe na mionzi. Vituo vingi humtaka mgonjwa ajisaidie haja zote, anywe kama nusu lita, asubiri dakika 30 hadi 45. Mzee mmoja alikuwa hanywi kitu kwa kuogopa foleni ndani ya daladala, akifika anarudishwa benchi. Tukamwambia abebe chupa yake, aifungue akishafika. Kahawa na pilipili apunguze kama mkojo unachoma.

Hatua ya 3: Tumbo likichafuka
Mara nyingi huanza wiki ya pili au ya tatu. Kabla ya hapo ale kama kawaida, ila maharage, kabichi, soda na bigijii vipungue, maana gesi huisogeza tezi. Akianza kuhara, ushauri wetu wa siku zote unageuka: dona kando, sembe mezani. Wali mweupe, mtori, viazi vilivyomenywa, samaki wa kuchemsha. Maziwa yakimsumbua jaribu mtindi. ORS iwepo nyumbani. Damu kwenye choo, homa, au mkojo kuziba: hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Kama yuko pia kwenye homoni
Saratani ikishasambaa, mara nyingi hutumika sindano za kushusha homoni ya kiume, nazo hudhoofisha mifupa na kula misuli. Mayai, maziwa, dagaa wazima na mifupa yao. Kalsiamu ifike miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa. Vidonge ni vya kuziba pengo tu, kwa ushauri wa daktari.

Akiwa anatumia abirateroni (vidonge vya kuzuia homoni hiyo), tumbo liwe tupu: masaa mawili yapite tangu ale, na saa nzima kabla ya kula tena. Chakula huipandisha dawa hii kwenye damu kupita kiasi. Rahisi ni aimeze saa 11 alfajiri kwa maji matupu, uji umkute saa 12 na nusu.