Kabla hujaanika chupa za maji juu ya bati

Huku Nyanda za Juu Kusini wengi huamini jua letu haliwezi kutibu maji kwa kuwa hewa ni baridi. Si kweli. Kinachoviharibu zaidi virusi vya magonjwa vilivyomo kwenye maji ni mionzi ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, kuliko joto, na mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi. Hata Julai, anga ikiwa safi, jua linafanya kazi.

Basi usihangaikie baridi, hangaikia tope. Mvua zikianza Novemba, maji ya mto na ya visima vifupi hubadilika rangi, na mwanga haupenyi. Virusi hukaa salama nyuma ya chembe za udongo. Yaache yatuame usiku kucha, mimina ya juu taratibu, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Kitambaa hakinasi virusi, ni vidogo mno; kazi yake ni kupunguza tope tu. Baada ya hapo simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, uchungulie kupitia mdomo wake. Kama kichwa cha habari hakisomeki, rudia.

Chupa iwe ya plastiki angavu, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, isizidi lita 2. Jaza robo tatu, tikisa kwa nguvu, ndipo uijaze pomoni. Oksijeni inayoyeyuka humo, ikipigwa na mwanga, huzaa kemikali kali zinazoshambulia ganda la kirusi na vinasaba vyake. Ilaze juu ya bati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo.

Siku za mvua ya kutwa au ukungu usiobanduka, achana na jua. Weka nyumbani vidonge vya klorini mapema, kabla barabara hazijaharibika, na ufuate kipimo cha kwenye pakiti. Kwa kawaida husubiriwa nusu saa, ila maji yakiwa baridi sana yape saa nzima, kwa sababu klorini hufanya kazi polepole kwenye baridi. Tope nalo huila dawa kabla haijavifikia virusi. Kwa maji ya watoto wadogo mimi ningechagua klorini au kuchemsha: adenovirusi, mojawapo ya virusi vinavyowaharisha, ni sugu kwa mwanga lakini klorini huiweza haraka. Wa Makete na Kitulo, juu ya mita 2,000, acheni maji yatokote dakika tatu, maana huko huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100.

Na tafadhali, chupa iliyowahi kubeba dawa ya shamba isiguswe kabisa. Vilevile usichote kwenye mfereji unaotiririka kutoka shamba la viazi lililopuliziwa dawa; sumu hiyo haiondolewi na jua, klorini wala moto, kwa hiyo tafuta chanzo kingine.